Mawe ya Jabia Yaliyo Chumbani Mwako

Esha mwanangu, mama yangu,

Salamu tumepeana asubuhi, na tutapeana tena ukirudi, maana nyumba ni hii hii moja. Kwa hiyo usishangae kukuta barua juu ya sanduku lako na mwenye kuiandika yuko uani anakohoa. Kuna neno ambalo mdomo wangu umelikataa tangu hujazaliwa, na leo nimeona niujaribu mkono.

Umetoka baada ya sala ya Ijumaa kwenda kuaga. Nakujua. Utaanza kwa shangazi yako Zena, atakuweka mpaka alasiri, kisha upite mlango kwa mlango mtaa mzima, na kila mlango utapewa kitu cha kubeba. Nimejipimia muda huo. Nyumba imeshanyamaza na wewe hujaondoka bado. Nimekaa juu ya kibao cha mbuzi cha mamako, kile cha kukunia nazi, kwa kuwa ndicho kiti pekee kinachonifikisha kimo cha kuandikia gotini. Akiniona mtu, mwanamume mzima nimekalia mbuzi na karatasi mkononi, atasema Bwana Lali ameanza kupotewa na akili.

Mambo ya nauli, ya kuficha pesa, ya kutokula ovyo na kutojibu simu za watu usiowajua, hayo Zena atakwambia mpaka masikio yaume. Mimi sina nasaha. Mimi ni fundi wa mawe na chokaa, na ninayokuandikia ni habari ya mawe.

Wewe jabia unalijua lilivyo leo. Mimi nilijua lilivyokuwa. Babu yako ndiye aliyelijenga pamoja na watu wa mtaa: sakafu pana ya chokaa iliyoinama kidogo, mvua ikinyesha inateremka yote mpaka kwenye birika lenye kuta za mawe, na maji yale tulikunywa mwaka mzima. Lilikuwa halina mwenyewe, au wenyewe tulikuwa sote. Kila mwaka kabla ya masika ilikuwapo siku ya kuosha jabia. Watu walikuja na fagio na ndoo, watoto, wake kwa waume, na mlangoni alikaa bibi yako, Bi Mwanaesha, ambaye jina lake unalo na ndiyo sababu nakuita mama. Yeye kazi yake ilikuwa nyayo. Hakuna aliyekanyaga sakafu ile kabla ya kuinua mguu mbele yake akamwona hana uchafu. Siku moja shehe alikuja na haraka zake, bibi yako akamwangalia chini akamwambia, "Shehe, miguu hiyo ina mtanga. Rudi na ndia uliyojia, ukanawe." Na shehe akarudi.

Babu yako naye alikuwa na jambo lake. Kila alipotia lipu mpya ndani ya birika, mahali pa mwisho aliacha pabichi, akawaita watoto wa mtaa waweke viganja vyao. Alisema mtoto aliyetia mkono wake ukutani hatatia uchafu majini. Mimi niliweka changu nilipokuwa na miaka sita au saba. Chokaa ilinichoma ngozi, nikalia, babu yako akacheka. Nakumbuka ile baridi ya chokaa na kule kuwashwa kwake, na nakumbuka nilivyojivuna.

Basi miaka ikapita, babu yako akafariki, nikamwoa mamako. Wakati huo likaja jambo la pampu. Kisima kirefu kilichimbwa, mashine ikafungwa, na maji yakaja kwa bomba mpaka karibu na milango. Mama, usituone wajinga. Wewe hukubeba ndoo kichwani kutoka jabiani mpaka hapa kila siku ya maisha yako. Mamako alibeba, na siku bomba lilipofunguliwa alilia. Lakini tulifanya jambo baya: tulilidharau jabia. Tulisema maji yale ni ya wazee. Masika ya mwaka ule hakuna aliyekwenda kuosha. Nimesema uongo, bibi yako alikwenda. Alikwenda peke yake na ufagio wake, nami nilimwona kutoka njiani, ameinama katikati ya sakafu ile kubwa. Nilikuwa na kazi ya mtu ya kumaliza. Nikapita.

Sasa nafika pale ninapopaogopa, na nimeshainuka mara mbili kuchota maji ambayo sina kiu nayo.

Mamako alipochukua mimba yako tulikuwa tunaishi chumba kimoja na bibi yako, shuka katikati. Nilimwahidi mamako Fatma kwamba utazaliwa ndani ya chumba chako. Nimewajengea watu nusu ya kijiji hiki, lakini nyumba ya fundi siku zote ndiyo ya mwisho. Mawe yalikuwa mbali, punda ni mmoja, na tumbo la mamako halikunisubiri. Ndipo alfajiri moja nikaenda jabiani na punda. Nilijiambia nachukua yale yaliyoanguka. Siku ya kwanza ilikuwa kweli. Siku ya pili nilikwenda na mtaimbo.

Nilibomoa ukuta wa nyuma wa birika, ule unaoelekea kichakani ambako watu hawapiti. Mawe ya babu yako yalikuwa magumu kuachana, ikawa nayabembeleza moja moja. Nikayaleta hapa, uso wenye chokaa kuukuu nikaugeuzia ndani ya ukuta, nikapiga lipu juu yake. Jiwe moja tu sikuweza kulificha. Unalijua. Ni lile nyuma ya kabati lako, lenye kiganja. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiingiza mkono nyuma ya kabati kulipima, ukaniuliza, "Baba, mkono huu wa nani?" Nikakwambia wa mtoto wa fundi. Hapo sikudanganya. Ni wangu.

Ulizaliwa ndani ya chumba kile na bibi yako ndiye aliyekupokea. Aliangalia kuta, akaniangalia mimi, akakufunika kanga. Mpaka kufa kwake hakuyataja mawe, nami mpaka leo sijui kama alijua.

Kama ningechukua mawe tu, labda ningekwambia zamani, tukacheka, tukatafuta mengine. Lakini kulikuwa na Shee. Shee wewe hukumjua. Alikuwa rafiki yangu wa chuoni, tumesoma juzuu pamoja, na yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa birika. Watu walipogundua ukuta umekwenda, maneno yakaanza barazani: Shee ameuza mawe ya jabia kwa wajenzi wa Kizingitini. Shee akaapa. Kuapa kwake kukawafanya wazidi kumshuku. Siku moja mzee mmoja akanigeukia mbele ya watu wote, Shee akiwa amekaa pale pale, akaniuliza, "Bwana Lali, wewe ni fundi. Mawe haya yameanguka au yametolewa?"

Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."

Neno la kweli kabisa, mama, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Mwaka ule ule Shee alihama na mkewe. Yuko Shela, kisiwa cha Amu, hadi leo, anafagia mchanga kwenye nyumba ya wageni. Mara chache nilizokwenda Amu nilijitahidi nisikanyage Shela, na nikimwona mtu kwa mbali ana mabega kama yake nilijifanya naangalia duka.

Mengine uliyaona mwenyewe. Mvua zilianza kutufanyia ubishi: mwaka haziji, mwaka zinakuja zote kwa siku mbili zikavunja mapaa na kwenda zao baharini. Pampu ilivuta na kuvuta. Siku ulipokuja na yule mtaalamu wa maji akatueleza kwamba maji matamu chini ya kisiwa hukaa juu ya maji ya bahari kama tui zito juu ya tui jepesi, na sisi tulikuwa tumelikomba lile zito, wanawake walielewa kabla yetu. Chai ilikuwa imeshabadilika ladha. Sabuni haikutoa povu. Kunde zilipikwa kutwa na bado ngumu.

Na presha ya mamako ikapanda. Zahanati walimwambia apunguze chumvi. Alirudi akicheka, akakaa juu ya kibao hiki hiki, akasema, "Niipunguze vipi na imo mtungini?" Wewe ulikuwa ukimtafutia maji matamu, mitungi iliyoletwa kwa boti, na ukimnyima hata mgeni kwa ajili yake. Sisemi maji ndiyo yaliyomwua. Siku yake ilikuwa imefika, Mola amrehemu, na sitaki kujitwika kazi isiyokuwa yangu. Lakini zile siku za mwisho alilala chumbani mwako kwa sababu mna upepo, nami nilikaa kando yake nimeegemea ukuta. Nilijua ukuta ule ulikuwa wa nini. Ungekuwa pale ulipojengwa, ungekuwa umeshika maji matamu. Nilihisi kila jiwe mgongoni.

Kisha, badala ya kukaa ukalia, wewe ukachukua daftari. Nakuchekea sasa, lakini siku zile ulinikera. Ulipita nyumba kwa nyumba na kina mama kuuliza maji yanakwenda wapi, na ukaanza na babako.

"Baba, maji ya kuoshea mchele unayamwaga wapi?"

"Namwaga nje."

"Nje wapi?"

"Nje, mama. Nje ni nje."

Ukaandika. Kesho yake ukapanda mpapai nje ya jiko, ukasema nje ni hapa. Sasa nakula mapapai yake. Halafu mkafunga mifereji kwenye mapaa ya bati, mpaka ya msikiti. Halafu ukawakokota watu jabiani kufyeka kichaka, na vijana waliokuja kupiga picha za simu ukawapa mapanga. Mimi mkaniomba niwe fundi, nikakubali bila malipo. Watu wakaniombea dua. Kila dua ilinichoma kama ile chokaa ya utotoni, nami nikaitikia amin.

Siku ya mkutano, pale pale jabiani, ukasimama mbele ya mtaa na daftari lako, mdogo kuliko wote, ukaniuliza, "Baba, mawe ya ukuta wa nyuma yalikwenda wapi?"

Nikasema, "Yalianguka, mama. Mawe huanguka."

Uliniangalia kidogo, kisha ukaandika. Hilo ndilo linaloninyima raha, Esha. Watu nimewadanganya nikazoea. Lakini jibu lile umeliandika wewe kwa mkono wako, ndani ya daftari ambalo umelifunga leo asubuhi kwenye sanduku kwenda nalo chuoni Mombasa, na ndani ya daftari hilo zima hakuna uongo mwingine.

Wajua jabia limefika wapi. Sakafu nimeitengeneza, haina ufa. Kuta tatu ziko sawa. Ukuta wa nyuma umenifika gotini na hapo nimekwama, kwa hiyo masika birika hujaa mpaka gotini na maji mengine yote yanakwenda kichakani. Kabla ya vuli tumeshayamaliza, tunarudi kwenye pampu na chumvi yake. Mawe hatuna. Wewe ndiye uliyesema tusichimbe tena mawe ya pwani, kwa kuwa ndiyo yanayozuia bahari isile makaburi, na mimi nikainua mkono kukuunga. Niliinua mkono nikijua mawe yako wapi. Yako hatua chache kutoka mahali ninapolala, yamepigwa lipu nzuri.

Jumatano nilimpigia Shee simu. Namba nilikuwa nayo miaka mingi. Nilisema jina langu. Nikamwambia yote bila kupumzika, kama mtoto anayesoma asilolielewa. Nilipomaliza akasema, "Nalijua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona, Lali. Na punda. Alfajiri ya tatu nilikwenda kumtafuta mbuzi wangu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, mbele ya wazee, siku ile waliyomla nyama. Akasema, "Mkeo alikuwa karibu kuzaa. Ningesema, wangekuja kuvunja chumba. Nikasema nitasubiri azae. Akazaa. Nikasema nitamsubiri Lali aseme mwenyewe." Kisha akasema, si kwa hasira, na heri ingekuwa hasira, "Nimekusubiri sana."

Nilimwambia nitasimama msikitini leo baada ya sala niwaambie watu. Akanikataza. "Mwambie mtoto mwanzo. Chumba ni chake. Asije akayasikia barazani." Ndiyo maana leo ulipotoka msikitini ukanikuta nimesimama mlangoni nimeduwaa. Kule ndani nilikuwa nimeinuka kusema, nikakumbuka neno lake, nikakaa.

Kwa hiyo nimekwambia.

Wengi watakwambia kosa langu ni wizi, na wana haki. Mimi nimelifikiria miaka yote hii na naona lilianza mapema kuliko punda. Lilianza siku ile nilipomwona mama yangu anafagia peke yake nikapita. Nilikwisha kuamua kwamba kitu cha wote si kitu cha mtu. Baada ya hapo mtaimbo ulikuwa mwepesi. Huko unakokwenda utafundishwa maji na watu wanaojua kuliko sisi, na utarudi, au utapelekwa pwani nyingine, na pampu zako na hesabu zako. Sikukatazi pampu. Ila ukiona mwanamke mmoja anafagia mahali ambapo watu wote wamepaacha, simama kwanza umwulize.

Sasa ombi. Nataka kuvunja chumba chako. Nimekipima jana ulipokuwa unafua: mawe yake yanatosha kuukamilisha ukuta wa nyuma, na yatabaki machache. Nikianza wiki ijayo nitakuwa nimemaliza kabla ya siku ya kuosha. Shee amesema atakuja siku hiyo, na ufunguo bado anao, alihama nao. Hajasema amenisamehe. Amesema atakuja kuangalia nyayo za watu, kwa kuwa bibi yako hayupo.

Najua ninachokuomba. Ndicho chumba ulichozaliwa, na ndicho alichofia mamako. Ukirudi likizo hutakikuta. Utalala changu, nami nitalala ukumbini, nimezoea kukoroma popote. Kwangu mimi pia si rahisi. Nilikuwa nimejipangia nitakuwa nakaa mle jioni, wewe ukiwa mbali, karibu na kabati na kanga za mamako. Nyumba hii ilikuwa na watu wanne, ikawa na watatu, ikawa na wawili, na kesho boti ya Mokowe ikitoka nitarudi kuchemsha chai ya kikombe kimoja. Naogopa, mama. Sijawahi kuishi peke yangu hata siku moja, na sasa nataka kuipunguza nyumba yenyewe.

Lakini chumba ni chako na neno ni lako. Ukisema hapana, sitakigusa, nitatafuta ndia nyingine, na watu nitawaambia ukweli vile vile. Sitaki unijibu kwa mdomo. Mimi nimeshindwa kwa mdomo miaka yote, siwezi kukudai wewe uweze kwa siku moja. Na kama umenikasirikia, kasirika; nenda na hasira yako chuoni, usome nayo, utanipa jibu utakapoweza.

Lile jiwe lenye kiganja changu litarudi mahali lilipokuwa. Kando yake nimefikiria kutia jingine. Nimelichagua, nimelichonga, nimelitia chokaa laini ya kumalizia, na liko uani chini ya mpapai, ndani ya karai. Kesho utapita hapo ukienda kunawa kabla ya kuondoka. Kama umekubali, weka mkono wako, bonyeza sawasawa, kisha uoshe haraka maana inawasha. Kama hukukubali, pita tu.

Nimelifunika gunia lililoloweshwa, lisikauke kabla ya asubuhi.

Babako,
Lali